Wakala katuuzia likizo ya ufukweni kwenye kisiwa kisicho na ufukwe!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi kama nitarukaruka.

Mama yangu yuko kwetu New Jersey tangu Mei. Ana miaka 68, magoti yamechoka, na kitu pekee alichoniomba ni kukaa mchangani na wajukuu wake, miguu majini, kama alivyokuwa akikaa nasi Pangani tulipokuwa wadogo. Nikasema sawa, tutakwenda Karibi, kisiwa kidogo kilichojitenga, pasipo makelele. Nikamwendea wakala mmoja wa safari, Mtanzania mwenzetu, anayejitangaza kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Nilimwandikia wazi, na ujumbe ninao mpaka leo: mama mtu mzima, watoto wawili, tunataka mchanga na maji ya kina kifupi. Hazikupita dakika kumi akajibu, "Kaka, kisiwa chenu ninacho. Kinaitwa Saba." Akatuma picha za mchanga mweupe na minazi. Nikalipa dola 2,400 za kuanzia.

Juzi binti yangu akasema, baba nionyeshe tutakapoogelea. Nikafungua ramani ya setilaiti. Nikakizunguka kisiwa kizima, nikarudia tena. Majabali! Majabali yanayoshuka moja kwa moja baharini. Saba ni kilele cha volkano kilichochomoza majini, kilomita za mraba 13 tu, na hakina ufukwe wa kudumu. Kuna mahali panaitwa Wells Bay ambako mchanga mweusi hujitokeza kwa miezi kadhaa, kisha mawimbi yanauzoa. Zamani mtu akishuka kwenye boti alipanda ngazi za vipandio 800 kwenye jabali, na mzigo juu. Huko ndiko anakompeleka mama yangu.

Kisiwa chenyewe sikilaumu hata kidogo. Nimekisoma usiku kucha na nimekipenda. Wahandisi waliwaambia wenyeji kwamba barabara haijengeki kwenye ile miteremko. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akajifunza uhandisi kwa njia ya posta, wakaanza kuijenga wenyewe mwaka 1938. Bahari yake ni hifadhi tangu 1987. Mpiga mbizi aende, na mwenye miguu ya kupanda mlima wake, Mount Scenery, mita 887 juu, aende. Watu wa Saba hawamfichi mtu. Nilipiga simu kwenye nyumba ya wageni tuliyopangiwa, na mama aliyepokea akaniambia kwa upole kabisa kwamba kama nataka mchanga kwa ajili ya watoto, nitafute kisiwa kingine. Mgeni kaniambia ukweli bure. Mtu wa kwetu kanidanganya kwa dola 2,400.

Na kuna la usafiri. Kufika Saba unapitia kisiwa jirani cha Sint Maarten, kisha ndege ndogo kwa robo saa hivi, inayotua kwenye njia ya mita 400, iliyo fupi kuliko zote duniani kwa ndege za abiria. Upepo ukichafuka, hakuna kutua. Boti ipo, lakini si ya kila siku. Wakala katuachia dakika 50 tu kati ya ndege moja na nyingine, na mama anatembea polepole! Tarehe nazo kaweka wiki ya kwanza ya Septemba, katikati ya msimu wa vimbunga unaoanza Juni mpaka mwisho wa Novemba. Kimbunga Irma kilipiga Sint Maarten tarehe 6 Septemba 2017 na kuuvunjavunja uwanja wa ndege huo huo tunaopitia. Mtu anayeuza safari za Karibi halijui hilo?

Nilipompigia akasema, "Kaka, Karibi ni Karibi tu, bahari mtaiona." Nikamuuliza zile picha ni za wapi. Kimya. Nikadai hela yangu, akaniambia malipo ya kuanzia hayarudi, na tangu jana hapokei simu.

Mama sijamwambia. Ameshashona dera jipya la kuvaa huko.

Wakala nimemwandikia kwamba hela iwe imerudi ifikapo Ijumaa. Isiporudi napeleka ujumbe wote na zile picha benki nipinge malipo, kwa kuwa nililipa kwa kadi. Mwenye uzoefu wa kupinga malipo ya namna hii anielekeze, hasa namna ya kuandika maelezo. Na ninyi mliolipia kundi lake la Oktoba kwenda Saba, fungueni ramani leo kabla hamjamalizia kiasi kilichobaki.