MREJESHO: Ile komedi ya gerezani yenye pambano la kupangwa

Wakuu, niliuliza jina la episodi ya mfungwa kigogo gerezani anayetaka bondia kijana aanguke raundi ya 2. Imepatikana: Porridge, BBC, 1975, msimu wa 2, "The Harder They Fall". Bondia ni Godber. Kigogo ni Grouty.

Aliyesema nitafute kwa jina la Ronnie Barker, mwigizaji mkuu wa komedi hiyo, asante sana. Kutafuta kwa neno "ndondi" kulileta filamu pekee.

Manukuu (maandishi ya chini ya skrini) ya kutafsiriwa na mashine yamegoma. "Snout", yaani tumbaku kwa lugha ya wafungwa, yaliandika "pua ya nguruwe"! Nimerudi kwenye manukuu ya Kiingereza, yanaeleweka. Mwisho wa pambano siusemi.