Kupasua mwamba kwa moto badala ya baruti, inawezekana kweli?

mwambamgumu: Wakuu habari, nina swali. Mshipa wetu wa dhahabu (ule mstari wa jiwe lenye mali ndani ya mwamba) ni mwembamba, tukilipua baruti tunatoa kifusi kingi kuliko mawe yenye mali. Nimesikia kuna watu wanapasua mwamba kwa joto tu, hii ikoje?

fundi_chini: Ipo mkuu na ni ya zamani sana, Wamisri wa kale walikuwa wanawasha moto ukutani mwa mgodi halafu mwamba ukilegea wanaubomoa. Siku hizi wanatoboa shimo ndani ya mshipa wanaingiza kichomeo cha dizeli chenye hewa ya kompresa, uso wa jiwe unapanuka haraka kuliko ndani, basi unabanduka vipande vidogo vidogo kama magamba. Unakula mshipa tu, pembeni hugusi sana.

mwambamgumu: Kumbe! Na kila jiwe linakubali?

fundi_chini: Hapana. Gumu lenye kwatzi nyingi (quartz, yale madini magumu yanayofanana na kioo) ndo zuri, kwatzi ikifika nyuzi 573 inabadilika umbo na kuvimba ghafla. Jiwe laini linapata joto tu halibanduki.

mama_usalama: Jamani naomba sana, msiende kuwasha kuni huko chini! Moto unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, mtu anasikia kichwa kinauma na miguu inaisha nguvu, anakaa kupumzika kidogo ndo hainuki tena. Bila feni kubwa na kipima gesi usijaribu, na mwenzako akianguka usimfuate bila kifaa cha kupumulia, wengi wanakufa wakiokoa.