Mrejesho: Yule mwanabiolojia wa kayaki Ziwa Duluti

Wadau, salaam. Niliuliza hapa kama ni akili kuacha kazi ya maabara Arusha nianze kutembeza watu kwa kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi) kule Duluti, Tengeru. Wengine mlicheka, wengine mkanielekeza kwenye leseni. Asanteni nyote, hata mliocheka.

Nimeanza, ila maabara sijaiacha kabisa. Wikiendi tu kwa sasa. Vibali vilinichosha kuliko kupiga kafi. Ziwa limezungukwa na msitu wa hifadhi, kwa hiyo huingii tu na mtumbwi wako.

Kinachouza si kayaki, ni maelezo. Mgeni akijua kwamba anaelea juu ya shimo la volkano, na kwamba hakuna mto unaoonekana kuliingia, anaanza kuuliza mwenyewe. Mdiria akitulia hewani, akipiga mbawa, kisha akajitupa majini, watu wanasahau simu. Mnandi naye anaanika mbawa kwa sababu manyoya yake hulowa. Hilo tu tunaweza kulizungumza hadi tufike ng'ambo. Kenge wakiota jua kando, usipige kelele, wataruka majini.

Natoka asubuhi, kabla upepo haujachafua maji. Jaketi okozi ni lazima, hata kwa wewe unayejisifu umekulia Mwanza.

Dada aliyeuliza kuhusu maziwa ya Momella: nako kuna mitumbwi, kwenye ziwa la Momella Ndogo, ila ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, taratibu zake ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mimi kwanza nitulie Duluti.