Akwilegia fupi: wiki ya tano mbegu hazijaota, naombeni ushauri

Bustani_Minneapolis: Habarini wakuu. Nina trei ya mbegu za akwilegia (maua ya bustani) fupi aina ya Cameo, zile zisizozidi sentimita 20 kwa kimo. Iko ndani, udongo wa juu ni kama sentimita moja. Kimya kabisa. Shida nini? Na zikiota, zinaweza kumaliza baridi zikiwa kwenye vyungu nje?

MamaMiche: Hiyo sentimita moja ndiyo shida, mkuu. Mbegu hizi zinataka mwanga. Usitupe trei: kwangua udongo wa juu, ifunike kwa nailoni, ingiza kwenye friji wiki 3 hadi 4 kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi (siyo friza!). Ukiitoa iweke penye mwanga, nyuzi 18 hadi 21, unyevu wa kupuliza kwa chupa tu. Ukimwagilia kwa kopo mbegu zinasombwa. Nyingi huota ndani ya wiki 2 hadi 4, nyingine hujivuta. Maua mwaka huu sahau, lazima kwanza zipite kipupwe.

Jembe_la_Mkono: Vyungu nje, kwa baridi kali ya huko kwenu Minnesota, Marekani? Hapana. Mmea wenyewe unavumilia, ila udongo wa chungu unaganda kutoka pande zote, unayeyuka, unaganda tena, na shina linaoza kwa maji yaliyotuama. Hamishia ardhini kabla ya Septemba, mche ukiwa bado mdogo, maana mzizi mkuu unashuka wima na ukikatika mmea hudumaa. Nafasi sentimita 20, kitako cha shina, pale majani yanapoanzia, kiwe usawa wa udongo, kisizikwe. Kama udongo ni wa mfinyanzi, changanya mboji na changarawe.

Bustani_Minneapolis: Asanteni sana. Akwilegia za jirani yangu zina michirizi myeupe kwenye majani, zitaambukiza zangu?

MamaMiche: Huyo ni funza anayetembea ndani ya jani, dawa ya kupuliza haimfikii vizuri. Chuma majani hayo uyatupe, usiyaweke kwenye mboji. Maua yakiisha, kata majani yote, yatatoka mapya.

Jembe_la_Mkono: Ukiona viwavi wa kijani wanaobakiza vishipa vya jani tu, usinunue dawa ya Bt (bakteria wanaoua viwavi wa vipepeo na nondo). Hao ni watoto wa mdudu wa jamii ya nyigu, haiwaui. Waokote, watumbukize kwenye maji ya sabuni.

Halafu usitegemee mbegu utakazovuna. Akwilegia huchavushana ovyo, na kama jirani ana zile ndefu, utapata mchanganyiko wa kila kimo. Ukitaka fupi tu, kata vikonyo vya maua kabla vibweta vya mbegu havijakauka. Mbegu ni sumu pia, watoto wasizichezee.