Kisu cha kuchunia pongo: springi ya gari inafaa?

Mwindaji, Mafinga
Wakubwa, shikamooni. Nina leseni ya uwindaji, na msimu uliopita, tulipokuwa tukichuna pongo, kisu changu cha dukani chenye bapa la sentimeta 20 kiliisha makali kabla hatujafika kifuani. Mhunzi wa hapa yuko tayari kunifulia kingine kutokana na springi ya Land Rover. Je, chuma hicho kinafaa?

Mfua vyuma, Iringa
Marahaba. Springi ina kaboni ya kutosha kushika makali, lakini kazi kubwa iko motoni. Akikipasha kisu mpaka sumaku isikinase tena, kisha akakichovya katika mafuta, kitakuwa kigumu ila tete kama glasi. Kwa hiyo ni lazima akirudishe kwenye joto dogo, nyuzi 200 hivi, hadi chuma kilichosuguliwa kiwe na rangi ya majani makavu. Hatua hiyo ikirukwa, kisu kitameguka kwenye mfupa wa kwanza, na hilo nimeliona mara nyingi mno. Bapa la sentimeta 10 linatosha, makali yakiwa yamepinda kuelekea nchani, na chuma kipite mpaka mwisho wa mpini.

Mchinjaji, Mwanjelwa
Ndugu yangu, kabla hujakilaumu chuma, naomba utueleze ulikuwa ukipasua ngozi kutoka upande gani. Ukikata kwa juu, makali yanapita kwenye manyoya yaliyojaa vumbi na mchanga, na hakuna kisu kinachostahimili hilo, hata kiwe cha bei gani. Toboa tundu dogo, ingiza vidole viwili chini ya ngozi, weka ncha katikati yao makali yakitazama juu, kisha pasua kutoka ndani kwenda nje. Vidole vinaizuia ncha isiguse utumbo, na manyoya hayaingii kwenye nyama. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya ngozi huachia kwa kusukumwa na ngumi tu.

Mwindaji, Mafinga
Ni kweli, nilikata kwa juu, tena mwili mzima. Nashukuru sana. Nitaagiza hicho kifupi. Kutu je?

Mfua vyuma, Iringa
Kitashika kutu usipokitunza. Kioshe siku hiyohiyo, kikaushe, kipake mafuta ya kupikia, wala usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hufyonza unyevu, na ukungu wa huko kwenu Mufindi unaufahamu.