Naombeni msaada: ServiceNow inafunga tiketi zisizohusika, na jina linaloandikwa ni la kijana wetu

Makole IT
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja, maana Jumatatu kuna kikao na mambo yakibaki yalivyo kuna mtu ataonewa.

Tunatumia ServiceNow (mfumo wa kupokea na kufuatilia tiketi, yaani maombi na matatizo ya watumiaji) kwenye dawati la huduma za TEHAMA, makao makuu Dodoma pamoja na matawi mikoani. Mwezi uliopita mkandarasi alituwekea kanuni mpya ya kujiendesha. Likitokea tukio kubwa, mfano mtandao wa tawi zima kukatika, tiketi ndogo zote zilizofungamanishwa na tiketi mama zinatakiwa ziende Resolved (zimetatuliwa) zenyewe mama akishatatuliwa. Wazo lenyewe ni zuri, hatukuona ubaya.

Tangu hapo kuna siku tiketi zisizohusika kabisa zinageuka Resolved. Mtu wa uhasibu printa yake hata haijaguswa, anapata barua pepe kwamba tatizo lake limekwisha. Mwingine anasubiri akaunti ya mfanyakazi mpya, naye hivyo hivyo. Haitokei kila siku, na sijaona mpangilio wowote wa idara wala aina ya tatizo. Cha ajabu zaidi, tiketi ndogo zilizostahili kufungwa mara nyingi zinabaki wazi.

Ukifungua historia ya hizo tiketi, aliyebadilisha ni kijana mmoja wa zamu. Mkuu wa kitengo anaamini kijana anafunga tiketi za watu ili takwimu zake za mwezi zipendeze. Nimefanya naye kazi, namjua, na siamini hata kidogo. Lakini mfumo umeandika jina lake na mimi sina cha kuweka mezani. Mkandarasi mkataba wake umeisha. Nianzie wapi?

Chuma Tanga
Pole mkuu. Jambo la kwanza mwambie mkuu wa kitengo leo, usisubiri Jumatatu: jina kwenye historia halithibitishi kwamba mtu huyo amegusa tiketi. Kanuni ya before au after (inayokimbia kabla au baada ya rekodi kuhifadhiwa) inakimbia kwa jina la mtumiaji aliyebonyeza kuhifadhi. Kijana akitatua tiketi A, na kanuni ikaenda kubadilisha B, C na D, basi B, C na D zote zinaandikwa jina lake. Kama yeye ndiye anayeshughulikia matukio makubwa kwenye zamu, lazima jina liwe lake kila mara.

Nenda kwenye jedwali la sys_audit, ndiko historia ya mabadiliko inakohifadhiwa. Weka kwanza chujio la tarehe, la sivyo utasubiri mpaka uchoke, lile jedwali ni kubwa. Kisha tablename iwe incident, fieldname iwe state, newvalue iwe 6 (ndiyo Resolved), na user awe yeye. Panga kwa muda. Ukikuta tiketi nyingi zimebadilika ndani ya sekunde moja au mbili, hizo hakuzifungua moja moja.

Mama Nuru
Chuma yuko sahihi, ila ushahidi huo peke yake utapanguliwa kikaoni. Mtu anaweza kuchagua tiketi nyingi kwenye orodha akazibadilisha kwa mpigo, na zitaonekana hivyo hivyo. Nikiwa mimi mkuu wa kitengo, hilo ndilo swali langu la kwanza.

Tafuta mambo mawili zaidi. Angalia kama kila mpigo umetanguliwa na tiketi kubwa kutatuliwa, papo hapo. Halafu hesabu kila mpigo una tiketi ngapi. Rudi hapa na majibu.

Makole IT
Nimerudi. Kila mpigo umeanza na tukio kubwa kuwa Resolved, bila kukosa hata mara moja. Na idadi imenishtua: kila mpigo ni tiketi 50. Hakuna wenye 49 wala 51.

Mama Nuru
Basi hiyo 50 imeandikwa mahali na mtu. Fungua orodha ya kanuni, jedwali sys_script, chuja kwa Table kuwa Incident na Script yenye neno setLimit (amri ya kuweka kikomo cha rekodi). Bandika hapa utakachokiona, ila ondoa jina la kampuni kama limo.

Makole IT
Ipo moja tu. Imewekwa after, inakimbia tiketi ikiwa imetiwa alama ya tukio kubwa na state inapobadilika kuwa Resolved. Ndani yake:

var t = new GlideRecord('incident');
t.addQuery('u_tiketi_mama', current.sys_id);
t.addQuery('state', '<', 6);
t.setLimit(50);
t.query();
while (t.next()) {
  t.state = 6;
  t.update();
}

Mimi naisoma na naona iko sawa. Inatafuta tiketi ambazo mama yake ni hii, inazifunga. Nimeijaribu kwenye instansi (nakala ya mfumo) ya wasanidi na imefanya kazi vizuri kabisa, imefunga watoto (tiketi ndogo) peke yao.

Wafula_Dev
Hapo mimi ningeshuku thamani tupu. Nimeshaona chujio likipewa kitu kitupu, linarudisha rekodi zote ambazo ule uga (sehemu ya kujaza taarifa) haujajazwa. Tiketi za kawaida hazina mama, kwa hiyo zote zingeingia. Jaribu kuweka gs.info (amri ya kuandika kwenye logi) kabla ya chujio uone current.sys_id inatoa nini.

Mama Nuru
Wafula, ingekuwa uga mwingine ningekuunga mkono, lakini hapa ni sys_id (kitambulisho) ya rekodi ambayo imeshahifadhiwa. Kwenye after haiwezi kuwa tupu. Na kama tatizo lingekuwa hilo, lingetokea hata kwa wasanidi.

Hilo la mwisho ndilo la kushika, Makole. Skripti ni ile ile, kwa wasanidi inafanya kazi, kwenye prodi (mfumo halisi wa kazi) inaharibu. Maana yake tofauti iko nje ya skripti. Nenda prodi, fungua sys_dictionary (orodha ya uga zote), tafuta jedwali incident na column name u_tiketi_mama. Usiangalie jina linaloonekana kwenye fomu, angalia jina la ndani.

Makole IT
Mama Nuru, haipo! Prodi kuna u_tiketi_ya_mama. Kwa wasanidi ni u_tiketi_mama.

Mama Nuru
Ndiyo yenyewe. Nadhani ilikwenda hivi: uga uliundwa kwa wasanidi, lakini haukuingia kwenye fungu la mabadiliko lililohamishiwa prodi. Mtu akaona fomu haina uga, akauunda kwa mkono. ServiceNow hutengeneza jina la ndani kutokana na lebo unayoandika, kwa hiyo akiandika "Tiketi ya Mama" badala ya "Tiketi Mama" unapata jina jingine. Kwenye fomu hakuna anayeona tofauti.

Sasa sehemu ambayo kila msanidi wa ServiceNow anapaswa kuijua. Ukiita addQuery kwa jina la uga usiokuwepo, mfumo kwa kawaida hausimami na wala haurudishi orodha tupu. Unalitupa sharti lile na kuendelea na masharti yaliyobaki. Kwa skripti yako limebaki sharti moja tu: state iwe chini ya 6, yaani tiketi yoyote iliyo wazi. Halafu setLimit ikachukua 50 za kwanza ambazo hifadhidata imezitoa. Ndiyo maana hukuona mpangilio wa idara, na ndiyo maana watoto wenyewe wanaachwa: hawachaguliwi, wanapatikana kwa bahati kama tiketi nyingine yoyote.

Niseme kwa uzito, hapa mmepona. Ingekuwa deleteMultiple() badala ya kubadilisha state, na bila setLimit, tiketi zote zilizo wazi zingefutwa.

Tafuta pia kwenye logi za mfumo kwa saa zile zile za mipigo. Utakuta onyo kwamba kuna chujio batili na uga usiojulikana kwenye jedwali incident. Chapisha ukurasa huo. Ndio utakaomwokoa kijana.

Chuma Tanga
Naongeza. Zima kanuni hiyo sasa hivi kabla hujaandika jibu lolote hapa. Toa tiki kwenye Active, basi. Kutengeneza kutafuata.

Makole IT
Nimezima. Onyo kwenye logi lipo, na saa zinalingana. Sasa Jumatatu niwaoneshe nini ambacho mtu asiyejua skripti atakielewa?

Chuma Tanga
Waoneshe kwa vitendo. Chukua instansi ya majaribio iliyonakiliwa kutoka prodi, siyo ya wasanidi, maana ya wasanidi ina uga sahihi na haitaonesha kitu. Iwashe kanuni huko. Ingia kwa akaunti yako mwenyewe, au bora zaidi mwombe mkuu wa kitengo aingie kwa akaunti yake. Atatue tukio kubwa moja. Kisha afungue orodha ya tiketi zilizobadilika aone jina lililoandikwa. Litakuwa la kwake, kwa tiketi ambazo hajawahi kuziona. Hakikisha tu utumaji wa barua pepe umezimwa kwenye instansi hiyo.

Msafiri wa Moshi
Samahani kuingilia uzi, lakini naona wajuzi mpo. Kanuni yangu inatakiwa kupandisha kipaumbele cha tiketi zilizofunguliwa ndani ya saa za kazi. Tiketi ya saa 3 asubuhi skripti inaisoma kama saa 12 asubuhi, inaiona iko nje ya muda. Zote zinarudi nyuma saa tatu.

Wafula_Dev
Hiyo ni UTC (muda wa kimataifa), ndugu. ServiceNow huhifadhi muda kwa UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. getValue('opened_at') inakupa ule wa UTC, getDisplayValue inakupa wa saa za mtumiaji. Usijaribu kuongeza tatu kwa mkono. Tumia GlideSchedule, ipe ratiba yako ya kazi na ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, halafu iulize kwa isInSchedule. Sikukuu pia itazijua kama ziko kwenye ratiba.

Msafiri wa Moshi
Asante sana kaka, imekubali.

Makole IT
Wakuu, kikao kimeisha. Mkuu wa kitengo aliingia kwa akaunti yake kama Chuma alivyoshauri, akatatua tukio moja, akaona jina lake kwenye tiketi 50 za watu. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana akamwomba radhi mbele yetu. Nawashukuru kwa moyo wote, hamjui mmeokoa nini.

Imebaki kazi ya kurudisha tiketi zilizofungwa kimakosa, na kuitengeneza kanuni.

Mama Nuru
Nimefurahi sana, hasa kwa huyo kijana.

Kanuni kwanza. Rekebisha jina la uga, na kabla ya chujio weka ulinzi: kama t.isValidField('u_tiketi_ya_mama') ni uongo, andika kosa kwenye logi na uondoke. Kisha iko sifa ya mfumo inayoitwa glide.invalid_query.returns_no_rows. Ukiiweka true, chujio lenye uga usiokuwepo linarudisha orodha tupu badala ya kulitupa sharti. Iweke kwenye majaribio kwanza na uiache huko muda wa kutosha, kwa sababu huenda kuna skripti nyingine za zamani zenye majina mabovu ambazo leo zinaonekana kufanya kazi.

Ila ningekuuliza pia kwa nini mna uga wenu wakati jedwali la incident lina parent_incident tayari, na mfumo wenyewe una utaratibu wa kutatua watoto mzazi akitatuliwa. Ukihamia huko, skripti hii yote unaifuta.

Kurudisha tiketi, fanya haraka. Angalia glide.ui.autoclose.time, ndiyo inayoamua baada ya siku ngapi tiketi ya Resolved inakuwa Closed, na ikishakuwa Closed kuirudisha ni shughuli nyingine. Andika skripti inayosoma sys_audit kwa mipigo ile tu, na kila tiketi irudishwe kwenye oldvalue yake. Usiziweke zote kuwa 2 (inashughulikiwa), kuna zilizokuwa On Hold (zimesitishwa). Ruka tiketi yoyote ambayo mtu ameigusa baada ya mpigo. Na futa resolved_by na resolved_at, maana takwimu za kijana zimevimba kwa sababu ya hizo.

Wafula_Dev
Na uweke setWorkflow(false) kabla ya update, bana, la sivyo kila mteja atapata barua pepe nyingine kwamba tiketi yake imefunguliwa upya.

Mama Nuru
Hapo nakataa. setWorkflow(false) inazuia kanuni nyingine na inazuia pia kuandikwa kwa historia. Mmetoka kwenye mgogoro ambao historia ndiyo imewaokoa, halafu mrudishe mamia ya tiketi bila alama yoyote? Zima ile taarifa ya barua pepe kwa muda wa zoezi, endesha skripti, iwashe tena. Na kwenye work_notes (maelezo ya kazi) ya kila tiketi andika kwamba imerudishwa kwa sababu ya hitilafu ya kanuni.

Wafula_Dev
Sawa, hoja ya historia nimeikubali. Basi aendeshe usiku, kanuni zote zitakimbia kwa kila tiketi na mchana mfumo utakuwa mzito.

Makole IT
Nafanya leo usiku. Kuhusu SLA (muda tulioahidi wa kutoa huduma) je? Saa zilisimama tiketi zilipoenda Resolved.

Chuma Tanga
Ukishazirudisha, chagua rekodi za SLA za tiketi hizo tu na utumie Repair SLAs. Inazijenga upya kutokana na historia ya tiketi, kwa hiyo kile kipindi cha Resolved nacho kitasomwa humo na namba hazitakuwa kamili. Hakikisha wanaoandaa ripoti ya mwezi wamepewa orodha ya tiketi zilizoathirika kabla hawajaituma.