Kreatinini ya mjamzito 1.0, maabara wameandika "kawaida". Tusubiri?

Baba Kijacho: Wakuu, salamu. Mke wangu ana mimba ya wiki 33. Presha 150/100, mkojo una protini. Kreatinini kwenye damu, ile taka inayochujwa na figo, imesoma 1.0 mg/dL, fomu inasema kawaida. Akipumzika nyumbani wiki moja ndipo tupime tena, kuna shida? Usingizi sipati.

Mama Pacha: Pole sana baba. Mimi nilivimba hadi uso, kila mtu akaniambia ndivyo mimba zilivyo. Wanangu walitolewa kabla ya muda, leo wananikimbiza nyumba nzima.

Mzee wa Hekima: Vijana, majibu ya hospitali hayaletwi mtandaoni. Kaa na mkeo.

Wa Maabara: Hiyo "kawaida" ni ya asiye na mimba. Mjamzito figo zake huchuja damu nyingi zaidi, kreatinini hushuka; wengi wako 0.4 hadi 0.8. Mwanzoni alikuwa na ngapi?

Baba Kijacho: Mzee, ninakaa naye ndiyo maana nauliza. Mwanzoni 0.5.

Wa Maabara: Basi imepanda mara mbili. Kwa mwenye priklampsia, yaani presha ya mimba kama hiyo yenye protini kwenye mkojo, kupanda hivyo au kuvuka 1.1 huhesabiwa dalili ya ukali. Daktari alisemaje?

Baba Kijacho: Alitaka alazwe, tukaomba turudi kwanza. Mtoto wa wiki 33 ni mdogo mno! Na mama haumwi sana, ni kichwa tu na vimulimuli machoni. Nampa ibuprofeni, inamtuliza.

Jicho Kali: Hii chai. Mwezi jana uliandika humu unatafuta mchumba.

Baba Kijacho: Akaunti natumia na mdogo wangu. Uzi ule ni wake.

Jicho Kali: Kila mtu ana mdogo wake siku hizi.

Mama Pacha: Iwe chai isiwe chai, kuna mjamzito anasoma hapa na kichwa kinamgonga. Mwacheni ajibiwe.

Wa Maabara: Ibuprofeni acha, inaziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa. Kichwa na vimulimuli kwa presha hiyo ni dharura, degedege huweza kufuata. Kulazwa si lazima azalishwe leo. Watafuatilia presha, mkojo, chembe sahani (zile za kugandisha damu) na ini. Akipewa magnesiamu ya kuzuia degedege, hutolewa na figo, kwa hiyo lazima wajue zinafanyaje kazi. Beba kile kipimo cha 0.5, bila hicho 1.0 itaonekana salama.

Baba Kijacho: Anasema kichwa kimepungua. Tungoje kupambazuke?

Wa Maabara: Hapana ndugu yangu. Nendeni usiku huu.